Injini ya Marehemu Baba ni ya Dhahabu, Niipake Rangi Gani?

Barua za mwezi huu zimenikuta na mafua ya Julai. Nimezisoma zote kitandani hapa Majengo, mke wangu akinung'unika kwamba hata nikiugua nyumba yanuka tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Iliyo ndefu kuliko zote nimeitanguliza, maana imenikosesha usingizi siku mbili tatu.

*

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Baba yetu alikuwa karani wa reli, na alipofariki alituachia Morris Minor ya milango minne ya mwaka wa 1964. Imekaa chini ya turubai nyuma ya nyumba miaka kumi na minane. Mwaka huu tumechanga na ndugu zangu ili tuifufue. Bodi imeshanyooshwa na kurudishiwa rangi yake ya kijivu. Shida ni injini. Tulipoitoa na kuanza kuikwangua, juu tulikuta rangi nyeusi, chini yake nyekundu, na chini ya nyekundu kuna rangi kama ya dhahabu iliyochujuka. Fundi wetu wa mtaani asema tuipige nyekundu kama ya magari ya mashindano. Kaka yangu mkubwa anayekaa Kitengela ataka nyeusi kwa sababu haionyeshi uchafu. Binamu yetu ametafuta kwenye intaneti akaja na picha za Morris zenye injini za kijani, na sasa asema hii yetu si halali, kwamba baba aliuziwa injini ya gari jingine. Mama hataki hata kulisikia neno hilo. Twataka kulipeleka gari kwenye maonyesho ya magari ya kale pale Ngong Racecourse mwezi wa Septemba, na Desemba libebe bibi harusi. Tupake rangi gani? Na ni rangi ya aina gani ya kununua?
— Kitinda mimba, Makadara

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mzee, hata kama ni msiba wa zamani.

Mwambie binamu yako kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Morris Minor za enzi hizo zilitoka kiwandani na injini ya kijani, kijani kilichoiva sana kama jani la mwembe mkongwe. Ya mwaka wa 1964 yapaswa kuwa injini ya sentimita za ujazo 1098, maana ile ndogo ya 948 iliachwa mwaka wa 1962. Chukueni tambara na mafuta taa, mfute upande wa bloku, ule mwili wa injini, juu ya dainamo, mtaona kibao kidogo kilichopigiliwa ribiti. Injini iliyozaliwa na gari hilo ingeanza kwa 10MA. Nina hakika kama nilivyo na hakika ya jina langu kwamba yenu haianzi hivyo.

Sababu ni hiyo dhahabu. British Motor Corporation, waliokuwa na Morris na Austin chini ya paa moja, walikuwa na utaratibu mzuri ambao vijana wa leo hawaujui. Injini yako ikichoka, unaipeleka kwa wakala, unaongeza pesa, unapewa nyingine iliyofunguliwa yote ikafanywa upya. Ili isichanganywe na injini mpya, hiyo ya kubadilishana ilipakwa rangi ya dhahabu na ikaitwa Gold Seal. Ilikuwapo na ya bei nafuu, Silver Seal, nayo ikapakwa rangi ya fedha. Kwa hivyo rangi mliyoikuta chini kabisa haikupakwa na mtu wa mtaani aliyependa kumeremeta. Ni cheti.

Nilipofika Nairobi kutoka Mombasa mwaka wa 1978, kijana wa kufuta na kushika taa, mzee aliyenifunza kazi alikuwa akifungua boneti ya Morris na kabla hajagusa kitu asema, "Huyu alilipa," au, "Huyu alikwenda Grogan." Grogan ndiyo hii Kirinyaga Road ya leo, na kwenda Grogan maana yake ni kwamba ulitoboleshewa silinda na kutiwa pistoni kubwa zaidi, ukaomba Mungu. Hakuna ubaya, wengi wetu tulikwenda Grogan. Lakini karani wa reli mwenye watoto saba aliyekwenda kuongeza pesa apewe Gold Seal hakuwa mtu wa kuuziwa injini gizani. Alikuwa mtu wa kujinyima.

Sasa fanyeni hivi kabla ya kununua kopo lolote. Muombeni mama lile sanduku la makaratasi, nyumba za makarani wa reli hazikosi sanduku la makaratasi. Tafuteni logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari, mlinganishe namba ya injini iliyoandikwa humo na ile ya kwenye kibao. Zikilingana, basi mzee alikwenda mwenyewe kuandikisha mabadiliko, na binamu awekewe soda mbele anyamaze. Zisipolingana, litengenezeni jambo hilo na NTSA, wale wa usajili na ukaguzi wa magari, mapema, kabla gari halijapelekwa kukaguliwa Likoni Road. Rangi ya injini haiandikwi kwenye logibuku, ipakeni mtakavyo, lakini namba huandikwa. Kibao kikifunikwa na rangi nzito mkaguzi atakitilia shaka, na ana haki. Kizibeni kwa tepu ya karatasi siku ya kupiga rangi, halafu mkibandue kiwe kisafi.

Tuje kwenye rangi yenyewe. Nyekundu iondoeni kwenye mjadala. Fundi wenu ni mtu mwema lakini amechanganya ukoo. Injini nyekundu ni za Volvo za zamani, kama ile PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishindia mbio za magari za Safari mwaka wa 1965. Ukifungua Morris ya karani ukakuta nyekundu, ni kama kumkuta imamu amevaa jezi.

Nyeusi ya kaka wa Kitengela nitaikataa kwa sababu nyingine. Asema haionyeshi uchafu. Hilo ndilo tatizo lake. Injini hizi za Morris huvuja, hata mpya zilivuja. Nyuma kwenye krankshafti hakuna sili ya mpira kama ya magari ya leo, kuna mfereji tu wa kurudisha oili ndani. Ukipaka nyeusi hutaona oili inatokea wapi mpaka uione sakafuni. Rangi nyepesi yakuonyesha mstari, unaufuata kwa kidole mpaka kwenye gaskiti iliyokufa. Nimefanya kazi miaka zaidi ya arobaini na bado nikiona injini kuukuu iliyopakwa nyeusi mpya juu ya nyingine, swali langu la kwanza ni: nani alikuwa anauza hili gari?

Zabaki kijani na dhahabu. Ukiwauliza majaji wa Ngong, ambao hufungua boneti na kuinama hasa, wengine watakwambia rangi ya kiwandani ni kijani, basi. Ukipaka kijani hutaulizwa swali. Mimi ningepiga dhahabu. Injini mliyo nayo ndiyo iliyotoka kwa BMC ikiwa na dhahabu, na kuipaka kijani ni kuifanya iigize ile iliyokwisha kurudishwa kwa wakala zamani. Mkipata risiti kwenye sanduku, ipigeni picha, muiweke karibu na gari siku ya maonyesho. Jaji akiuliza, mpeni mama nafasi ajibu mwenyewe.

Ila dhahabu ni rangi yenye hila, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Dhahabu ya bei rahisi hutengenezwa kwa unga wa shaba iliyochanganywa na zinki. Siku ya kwanza yameta kuliko harusi. Ikipata joto na mvuke wa oili, baada ya miezi michache yageuka hudhurungi, na pembeni yaota kijani kama sarafu iliyosahauliwa kwenye mfuko wa kanzu. Nyinyi mwaitaka hadi Desemba na zaidi. Tafuteni dukani dhahabu iliyochanganywa kwa chembechembe za alumini au maika na kutiwa rangi ya manjano na kahawia, halafu ifunikwe na vanishi isiyo na rangi inayostahimili joto. Muulizeni muuzaji waziwazi: chembe zake ni za shaba au za alumini? Asipojua, nendeni duka la pili.

Mtapataje dhahabu ileile? Msiikwangue yote. Tafuteni mahali ambapo jua, oili na mikono ya mafundi haikufika: chini ya bamba la mauntini ya injini, nyuma ya dainamo, chini ya mabano ya kichujio cha oili. Futeni nyeusi na nyekundu polepole kwa tambara lenye tina kidogo, msitumie msasa, mpaka dhahabu ijitokeze kwa ukubwa wa kibiriti. Kifaa hicho chenye dhahabu, au kipande cha rangi kilichobanduka hapo, ndicho mtakachopeleka kwa mchanganyaji. Mashine za kusoma rangi husoma vizuri rangi za kawaida, lakini rangi yenye chembe huzidanganya kwa sababu yabadilika ukiitazama kwa upande. Kwa hiyo mchanganyaji apake kwenye kibati, mkitoe nje juani, mkilinganishe mkiwa mmesimama, kisha mkiwa mmechutama. Mkiridhika, kibati kile kipikeni. Ndiyo, kipikeni: kitieni kwenye oveni digrii 120 kwa saa moja. Kikitoka na rangi ileile mmepata. Kikitoka na uso wa mtu aliyekula limau, mmeokoa pesa. Ila isiwe oveni ya mama ya kuokea keki, moshi wake si wa kuchezewa karibu na chakula.

Kuhusu aina: maji ya kupozea injini huzunguka kwenye digrii 80 hadi 95 hivi, bloku nje yaweza kupanda kidogo zaidi. Rangi ya mafuta ya madirisha itakaa wiki kadhaa kisha ilainike, ishike vumbi, ianze kubanduka kwenye kona. Mnataka enameli ya injini iliyoandikwa inastahimili digrii 150 au zaidi, na praima inayokwenda nayo. Msichanganye kampuni hii na ile. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa na duka moja, nisilolitaja, kopo la rangi ya kawaida lililobandikwa karatasi ya rangi ya joto. Nililijua baada ya wiki moja, mteja aliponiletea gari linanuka kama duka la viatu. Siku hizi nafungua kopo palepale kaunta, napaka kwenye msumari, naupasha kwa kiberiti. Wananinunia, wanauza.

Kopo la nusu lita litatosha injini ndogo kama hiyo na kusalia la kusahihishia mikwaruzo.

Lakini rangi nzuri kwenye injini chafu ni sawa na kuvaa kanzu ya Idi juu ya jasho. Siku mbili zote ziwe za kuosha. Kwanza zibeni matundu yote: ya manifodi, ya distributa, ya pampu ya mafuta, ya plagi. Plagi zenyewe acheni zile kuukuu ndani ziwe vizibo. Kwangueni grisi iliyoganda kwa kijiti na bisibisi, kisha dizeli na brashi, kisha sabuni ya unga na maji ya moto, kisha maji mengi safi. Kaushieni kwa upepo wa kompresa. Kutu iondoeni kwa brashi ya waya. Mwisho kabisa futeni kwa tambara jeupe lenye tina. Likitoka jeusi, rudieni. Likitoka jeupe, usiguse tena kwa mkono mtupu, kidole chako kina mafuta.

Pigeni praima nyembamba, kisha rangi mara tatu nyembamba, mkiacha dakika kumi hadi kumi na tano kati ya moja na nyingine. Someni kopo lasemaje kuhusu kurudia: enameli nyingi zataka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku kadhaa. Ukirudia katikati, ya chini hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Na msipige asubuhi za mwezi huu. Nairobi ya Julai, ukungu umeshuka na chuma ki baridi, unyevu hunasa chini ya rangi na kuifanya nyeupenyeupe. Vuteni bloku juani, ngojeni hadi saa tano, mkome saa tisa.

Na hapa nitajisema. Mwaka wa 1981, katika gereji moja ya Industrial Area, nilipiga injini ya mteja rangi safi mno, sikuacha hata ukucha. Nilipaka mpaka pale panapofungwa waya wa athi, ule mkanda unaounganisha injini na bodi. Tulipofunga kila kitu, stata ikawa yaguna kama mzee anayeamshwa. Tukabadilisha betri. Tukabadilisha stata. Jioni mkuu wetu akaja na msasa, akasugua mahali pa ukubwa wa shilingi, gari likawaka. Hakunitukana. Alinipa ule msasa niende nao nyumbani, na ninao hadi leo. Kwa hiyo: mahali pa athi pawe chuma kitupu, na nyuso za gaskiti, na meno ya bolti, na sensa ya joto.

Kava ya tapeti, ile kofia ya juu ya injini, itazameni peke yake. Mara nyingine ile ya zamani ilihamishiwa juu ya injini ya kubadilishana, kwa hivyo msishangae mkikuta chini yake kijani. Mkikikuta, kiacheni kiwe kijani. Injini ya dhahabu yenye kofia ya kijani ndiyo iliyokuwa ya baba yenu.

*

Mzee, hujambo. Nina Datsun 240Z ya mwaka wa 1972 ambayo mjomba aliiacha kwenye stoo. Kila mtu ananiambia rangi tofauti ya injini. Nipe jibu moja.
— Abdi, Eastleigh

Sijambo, Abdi. Jibu moja: buluu. Bloku ya chuma ni buluu, hedi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, ni alumini, nayo huachwa tupu. Usimruhusu mtu akupake hedi. Mkiisafisha, isuguliwe kwa brashi laini na sabuni, si kwa asidi ya betri kama nilivyoona kijana mmoja akifanya.

Buluu hiyo si samawati ya sare ya shule wala si buluu ya wino, iko katikati. Tafuta chini ya pampu ya maji, pale huwa haichujuki. Na jua una nini mkononi: gari la namna hiyo ndilo Edgar Herrmann alilolishindia Safari mwaka wa 1971, na Shekhar Mehta mwaka wa 1973. Ukichoka nalo usiliuze kabla hujaniandikia.

Walioniuliza kwa kifupi kuhusu magari ya Marekani: V8 ndogo ya Chevrolet ya miaka ya hamsini na sitini kwa kawaida ni rangi ya chungwa; Ford tangu mwaka wa 1966 ni buluu; baadhi ya Oldsmobile ni dhahabu, nazo hazihusiani na dhahabu ya Makadara. Mwenye Jaguar E-Type ya 3.8 aangalie hedi, ndiyo iliyopakwa dhahabu. Bloku ni nyeusi.

*

Mpendwa Fundi, naomba ushauri. Nina Volkswagen ya kobe ya mwaka wa 1968. Nataka injini yote, chini hadi juu, iwe nyekundu inayong'aa. Niipake mara ngapi?
— Mpenda Kobe, Kilimani

Mara sifuri, ndugu yangu.

Injini yako haina radieta. Inapozwa na upepo wa feni na oili, na ganda lake limetengenezwa kwa aloi ya magnesi ambayo kazi yake nyingine ni kutupa joto nje. Kila tabaka la rangi unaloongeza ni blanketi. Silinda zenye mapezi ndiyo usiziguse kabisa kwa rangi nene. Ukilazimika kuzuia kutu, piga nyeusi ya joto, nyembamba kiasi cha kuona chuma kupitia. Kama roho yataka kumeremeta, yapo mabati ya kuelekeza upepo na nyumba ya feni. Kiwandani yalikuwa meusi. Yapake mekundu, hayatadhuru kitu, ila nitageuza uso.

*

Mzee wangu, salamu. Peugeot 504 ya baba mkwe inafukuza watu kwa moshi kila ninapoiwasha. Fundi alipaka manifodi ya egzosi rangi ileile ya injini, ya fedha. Imeanza kuvimba na kutoka magamba. Je, nibadilishe fundi au nibadilishe rangi?
— Mama Wambui, Dagoretti

Rangi kwanza, dada yangu. Fundi mpe nafasi moja zaidi.

Bloku na manifodi ya egzosi ziko jirani lakini hazikai nchi moja. Bloku yaona digrii mia na kitu. Manifodi, gari likipanda mlima na mzigo, yaweza kupita digrii 500. Hakuna enameli ya injini itakayovumilia hapo. Iondoeni yote, manifodi ifunguliwe, ipigwe mchanga hadi iwe kijivu kitupu. Nunueni rangi ya silikoni iliyoandikwa digrii 600 au zaidi. Rangi zake za kuaminika ni chache: nyeusi, kijivu, fedha. Akikuahidi nyekundu ya kudumu kwenye egzosi, hapo ndipo ubadilishe fundi.

Haitaki praima isipokuwa kopo lenyewe liseme hivyo, na haitaki kupakwa nene. Nayo haikauki sawasawa mpaka ipikwe. Washeni gari nje, wala si ndani ya gereji, dakika kumi, lizimwe lipoe kabisa. Kisha dakika ishirini, lipoe. Kisha nusu saa. Litatoa moshi mara ya kwanza na majirani watatoka. Ni kawaida, na mara ya tatu hautakuwepo. Msiligonge wala kulimwagia maji katikati.

Nimefurahi kusikia 504 bado inatembea. Kuna wakati ukitaka kufika Nakuru kabla ya chakula cha mchana ulikuwa unapanda hiyo, magoti kifuani, na mtu usiyemjua amekulalia begani.

*

Bwana Fundi, nimesoma safu yako kwa miaka na sijapata kukuandikia. Mwezi jana ulimjibu kijana mwenye gari la michezo la MGB la mwaka wa 1965 kwamba injini yake ni nyeusi. Mimi nilinunua MGB mpya hapa Nairobi nikiwa kijana, na injini yake ilikuwa damu ya mzee. Nyeusi zilikuja baadaye sana. Usiwapotoshe watoto wa watu.
— Mzee wa Lang'ata

Shikamoo, mzee. Umenishika.

Nilijibu kwa kukumbuka MGB nilizozifanyia kazi, na nyingi zilikuwa za miaka ya sabini, zenye bloku nyeusi. Za mwanzo zilikuwa damu ya mzee kama usemavyo, rangi waliyoirithi kutoka kwa MGA, gari lililoitangulia MGB. Nilipaswa kumwambia yule kijana akwangue nyuma ya dainamo kwanza, kama nilivyowaambia wa Makadara leo, badala ya kumjibu kutoka kichwani. Kijana, kama unasoma hapa, usipake. Kama umeshapaka, niandikie, nitalipia kopo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, mzee, lakini baada ya barua yako sikuweza kulinyamazia. Mwaka juzi, kule kibandani kwangu Kariobangi, nilipiga nyeusi injini ya MGB ya 1964 ya mteja mmoja, tena nikamsifia kwamba sasa iko kama ilivyotoka kiwandani. Jana nimempigia simu. Alicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema analileta Jumanne.